Dawa ya Mkwe Hairudishwi

Nilikwenda Nyabiyonza kupokea shukrani. Nalisema hili mapema ili msije mkanihurumia kabla ya wakati wake. Mama mkwe wangu alikuwa anaumwa tumbo, nami nina duka la dawa Bukoba, nikampelekea vidonge, na habari zilizonirudia zilisema anavimeza bila kukosa. Mke wangu Jovitha alikuwa na kichanga cha wiki tatu, hawezi safari. Akaniomba niende mimi nikamwone mama yake kwa macho. Nikakubali hata kabla hajamaliza kusema, maana mkwe gani hapendi kwenda mahali ambapo dawa yake inasifiwa?

Nieleze kwanza habari hizo zilinifikiaje, maana balaa lote limo humo. Mama mkwe, Bibi Paskazia, anaishi kwenye kibanja, yaani shamba la migomba, cha marehemu mumewe pamoja na Adela, mke wa mwanawe. Huyo mwanawe ni shemeji yangu Deo, karani wa ofisi za wilaya ya Kyerwa, na siku za kazi hulala hukohuko Rubwera, yaliko makao ya wilaya. Bibi alimweleza Adela shida yake. Adela akamweleza Deo. Deo akanipigia simu: mama tumbo linamsumbua, na mvua hizi huku watu wanaharisha sana, tusaidie shemeji. Sikuuliza swali hata moja. Mwanamume aliyelelewa vizuri haulizi habari za choo cha mama mkwe wake. Nikahesabu vidonge thelathini vya kufunga kuhara, nikaongeza pakiti za ORS, nikaandika juu ya bahasha: kimoja asubuhi, kimoja jioni, mpaka apone. Bahasha nikamkabidhi kondakta wa basi la Karagwe, nikarudi kwenye kaunta nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Siku tisa baadaye, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa stendi ya Bukoba na begi langu. Nilibeba sato wawili wa kukaushwa, sukari kilo tatu, doti ya khanga, na pakiti nyingine ya vidonge vilevile, ili mama asije akaishiwa. Jovitha alinisindikiza mpaka mlangoni na mtoto begani. Aliongea na mama yake kwa simu ya Adela juzi yake, akaniambia mama amesema hajambo, dawa ya mkwe anaimeza yote. Nilitembea kwenda stendi nikipiga mluzi.

Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akienda Kyaka. Mimi sijui kunyamaza safarini. Kabla hatujatoka mjini vizuri alikuwa ameshajua nina duka la dawa, na kabla ya saa moja kupita alikuwa ameniambia mumewe tumbo linamuuma mwezi mzima. Nikampa ushauri palepale, jina la dawa na idadi yake, na nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Alinishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Sikumuuliza linauma wapi, tangu lini, anakula nini wala anapataje choo.

Kyaka tulifika saa mbili. Mama yule alishuka kabla ya daraja la mto Kagera, akanipungia ile karatasi dirishani. Basi likavuka. Nawaambia ukweli, hadi leo sijui alimnunulia mumewe nini, na sina namna ya kumpata.

Baada ya Kyaka barabara inaanza kupanda milima, na mtu wa ziwani kama mimi anaanza kutafuta sweta. Vilima vya Karagwe vilikuwa na ukungu, migomba imeloa, na mbele ya nyumba nyingi buni zilikuwa zimefunikwa maturubai zikisubiri jua. Nilikuwa nimelala nusu, nikiota jinsi nitakavyopokewa. Omurushaka nilishuka saa nne, nikanywa chai ya tangawizi nikiwa nimesimama, nikatafuta bodaboda wa Nyabiyonza. Njia ilikuwa na tope jekundu lililonipanda mpaka magotini.

Saa sita kasoro nilikuwa uani kwa mama mkwe. Adela alitoka jikoni akifuta mikono, akapiga magoti kidogo kunisalimia kama ilivyo desturi yao. Akasema, “Karibu shemeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Nilicheka kwa sababu methali ilikuwa imepata mahali pake. Yeye hakucheka, nami sikulitilia maanani.

Sasa wasomaji wangu ambao si wa huku lazima niwafahamishe jambo. Mimi ni Mhaya wa Muleba, mke wangu ni Mnyambo, na katika mambo ya ukwe familia yake inafuata taratibu za zamani kuliko sisi. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni kwa kirefu. Hampi mkono. Chumba chake cha kulala hakikanyagi, hata nyumba ikiungua atapita dirishani. Miaka kumi na moja ya ndoa yangu, mimi na Bibi Paskazia tumesalimiana yeye akiwa nyuma ya pazia la kitenge cha bluu linalotenga sebule na vyumba, nami nikiwa kwenye kiti changu karibu na mlango. Naijua sauti yake kuliko sura yake. Kuna jambo lingine pia, ambalo nilikuwa nalijua ila sikuwahi kuliona lina uzito wowote: kitu alichokitoa mkwe hakirudishwi. Hata akileta jembe bovu, linapokelewa na kushukuriwa.

Basi nikakaa kwenye kiti changu. Nikasema shikamoo mama kwa pazia, na pazia likanijibu marahaba mkwe wangu, habari za mjukuu. Sauti ilikuwa nyembamba. Adela akaniletea kijikapu cha kahawa kavu za kutafuna, nikachukua mbili, nikamkabidhi zawadi moja baada ya nyingine naye akazipitisha ndani. Mwisho nikampa ile pakiti ya vidonge. Ndani nikasikia makofi mawili ya shukrani, taratibu, na halafu mtu akivuta pumzi kama aliyebeba mzigo. Nikatafuna kahawa yangu.

Chakula kilipoletwa, ebitoke, yaani ndizi za kupikwa, na maharage, nilikula kwa raha zangu. Adela alikaa kwenye mkeka mbali kidogo. Nikamuuliza mama amekula nini, akasema hajala tangu juzi, anatapika. Nikaweka tonge chini. Kutapika hakukuwa kwenye hesabu zangu. Nikamuuliza, kwa lugha ya adabu niliyoweza kuipata, kama tumbo bado linamkimbiza nje. Akasema hapana, hatoki nje kabisa. Nilipumua, nikasema kumbe dawa imefanya kazi, na nikamuuliza kuhara kulikoma siku ya ngapi.

Adela alitazama mkeka. Alikuwa akiusokotasokota ukindu mmoja uliochomoka.

“Shemeji,” akasema, “mama hakuharisha.”

Nikamwambia sijamwelewa.

“Hakuwahi kuharisha. Alikuwa hapati choo.”

Nimeuza dawa miaka mingi na nimewahi kusikia mengi kwenye kaunta, lakini hakuna lililowahi kunigonga kama lile. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Deo hivyo. Alinijibu polepole, na alikuwa na haki ya kunijibu vile: angewezaje kumtamkia mume neno hilo juu ya mama yake mzazi? Alisema tumbo. Deo naye, aliposikia tumbo, na mtaani watu wanaharisha, akakamilisha mwenyewe. Nami nikakamilisha cha Deo. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alipokea habari, akaivika nguo, akaipeleka mbele ikiwa na heshima zaidi, mpaka ilipofika Bukoba haikuwa tena na ugonjwa ndani yake.

Nikauliza vile vidonge amemeza vingapi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, hakuruka hata siku. Na ule unga wa ORS? Hakuugusa, alisema maji mengi yatamtaabisha. Adela akaongeza kwamba jirani alichemsha mubirizi, yale majani machungu ambayo huku hutumika kama dawa ya tumbo, akamletea, naye akakataa kwa kuwa hawezi kuchanganya dawa ya mtu mwingine na ya mkwe wake. Nilikuwa nimesimama tayari. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Nilikuwa natazama lile pazia la bluu, na nasema wazi kwamba niliogopa kulivuka kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na mtu alikuwa anakufa upande wa pili wa kitambaa kwa dawa yangu mwenyewe, nami nilikuwa nawaza watu watasema nini.

Nikalivuta.

Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha limefungwa nusu. Bibi Paskazia alikuwa amelala ubavu, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, na uso wake, ambao sikuwahi kuutazama hivyo, ulikuwa umebonyea mashavuni kama wa mtu aliyefunga kwaresima mbili mfululizo. Aliponiona alijaribu kuvuta blanketi juu ya kichwa. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba radhi, nikamwambia nitaliweka jicho langu chini lakini lazima nimshike tumbo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Niliweka kiganja juu ya blanketi. Tumbo lilikuwa gumu, limejaa, na chini ya mkono wangu hakukuwa na mtikisiko wowote. Pembeni ya mto niliona bahasha yangu, imekunjwa vizuri, na mwandiko wangu ukinitazama: mpaka apone.

Nikamuuliza mwenyewe, mdomo wangu na sikio lake, bila mtu katikati.

“Mama, choo ulipata lini mara ya mwisho?”

Nje kuku alikuwa akilia.

“Siku nne kabla dawa yako haijafika,” akasema.

Nne na tisa. Nilitoka nje nikiwa na simu sikioni.

Saa nane mchana gari lilifika, Probox ya mtu wa senta ambayo kwa kawaida hubeba mikungu ya ndizi. Nilishampigia Deo, tukakubaliana tumpeleke hospitali upande wa Kyerwa, yeye atutangulie pale kwa pikipiki. Nilimwambia Deo ukweli wote kwenye simu kwa maneno ya wazi, na upande wa pili nikasikia kitu kikianguka. Tulimlaza mama kiti cha nyuma. Adela aliingia upande wa miguu. Upande wa kichwa palibaki pangu. Hakukuwa na mahali pengine pa kukaa wala muda wa kutafuta heshima, kwa hiyo kichwa cha mama mkwe wangu kililala mapajani mwangu, mbele ya majirani waliokuwa wamesimama kwenye migomba na mikono midomoni.

Barabara ile ina mashimo na kila shimo alilipata yeye. Nilimshika mabega. Baada ya nusu saa hivi alifumbua macho akaniambia jambo ambalo nalisikia hadi leo nikiwa napanga maboksi dukani.

“Mkwe wangu, siku ya tatu nilijua dawa inanikaza.”

Nikamuuliza, karibu kwa hasira, kwa nini basi hakuacha.

“Ningeirudishaje? Umeitoa Bukoba.”

Nilitazama dirishani. Mwanamke aliyelea watoto sita, aliyezika mume, anayejua kila jani la kibanja chake, alikuwa amekubali kumeza kidogokidogo kitu anachojua kinamuua, asubuhi na jioni, ili mimi nisione aibu. Nami nilikuwa nimemletea pakiti ya pili, na alikuwa ameipigia makofi. Niliona uchungu, na nililia, msinitake niseme vinginevyo.

Hospitali tulifika saa tisa na nusu. Deo alikuwa getini na viatu vimejaa tope. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimpima mama kwa makini, akaagiza picha ya tumbo, akaweka dripu, na mpira wa puani wa kutoa yale yanayomtapisha. Halafu akatoka na bahasha yangu mkononi, aliyopewa na Adela.

“Nani alimwandikia hivi?”

“Mimi.”

“Wewe ni nani?”

Nikasema ni mkwe wake. Aliendelea kunitazama, nikaongeza kwamba nina duka la dawa. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alinieleza kama anavyomweleza mtu asiyejua: vidonge hivi vinautuliza utumbo usisukume. Kwa anayeharisha, tena si kila anayeharisha, vina nafasi yake. Kwa mzee ambaye utumbo umeshasimama, ni kumziba. Tumbo limejaa choo kilichokauka, utumbo umelala, na kama umetoboka watalazimika kumpasua, na kwa hali aliyonayo hawezi kuniahidi kitu. Nikamuuliza je, lile jani chungu la jirani lingemsaidia? Akasema hajui, ila kuusukuma kwa nguvu utumbo ulioziba nako kunaweza kuupasua. “Tatizo si dawa gani,” akasema. “Tatizo hamkumuuliza.” Akaingia ndani.

Yote aliyoniambia nilikuwa nayajua. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu akija kaunta anasema nipe dawa ya tumbo, nilijua maswali ya kumuuliza, nilifundishwa, na dukani kwangu kuna karatasi ukutani niliyoibandika mwenyewe: mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliibandikia wateja.

Siku ya pili ilipita kwenye benchi. Picha ilionyesha utumbo haujatoboka. Wauguzi waliendelea na dripu na bomba la kumlainisha kwa maji ya vuguvugu, kidogokidogo, na hakuna kilichotokea. Deo aliketi upande mmoja wa benchi, mimi upande mwingine. Jovitha alipiga simu mara nne, nami nikamwambia mama anatibiwa. Mara ya tano nikamwambia kila kitu. Nikasikia mtoto akinyonya, halafu akasema, “Mrudishe mama yangu,” na akakata.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa nje kulikuwa na watu kama ishirini: wazee wawili wa kigango, mama wa Bukoba aliyekuja kununua kahawa akaugulia huku, wanawake na watoto wao, mlinzi. Mlango wa wodi ukafunguka akatoka Adela. Adela yuleyule ambaye hakuweza kumtamkia mumewe neno moja jikoni. Alisimama katikati ya watu wote wale, machozi yakimtiririka, akasema kwa sauti iliyofika getini:

“Mama amepata choo.”

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia akafanya ishara ya msalaba. Deo alimshika mkewe mabegani mbele za watu, jambo ambalo nalo si la kawaida huku. Mimi nilikaa chini kwenye saruji. Sijawahi kusikia habari njema kuliko ile, na nimeoa, na nina watoto wanne.

Siku ya nne Deo alitumwa na ofisi yake kwenda Murongo, mpakani, akanichukua kwenye pikipiki ili tununue beseni na ndoo yenye mfuniko. Bibi alikuwa amemweleza daktari kisa chenyewe kilianzia wapi. Choo cha nyumbani kiko mwisho wa kibanja, nyuma ya migomba, na tangu ateleze wakati wa masika goti halimbebi. Ilibidi Adela amshike mkono kila mara. Akaona anamsumbua mkamwana. Akapunguza maji. Akapunguza uji. Akajizuia. Basi. Ugonjwa wote ule ulianza na mtu kutotaka kuomba asindikizwe.

Murongo kulikuwa na pilikapilika zake, malori ya kahawa, wabadilisha fedha, waendesha bodaboda wakisubiri watu wanaovuka kutoka Uganda. Karibu na kizuizi mwanamume mmoja alikuwa na sinia la vidonge visivyo na maboksi, mafungu matatu. Alikuja mama mmoja akasema anataka dawa ya tumbo, na yule bwana, bila hata kuinua kichwa, akachota kimoja kutoka kila fungu, akavitia kwenye karatasi ya sigara. Nikamuuliza mafungu yale ni ya nini. Akaniambia la kwanza la kuharisha, la pili la maumivu, la tatu la kukosa choo. Nikamuuliza na huyu mama amempa yote matatu kwa nini. “Tumbo ni tumbo mzee,” akanijibu. “Moja likikosea, lingine litapata.” Nilifungua mdomo nimshambulie. Maneno yalikuwa tayari, makali kabisa. Kisha nikakumbuka mama wa Kyaka na kile kipande cha karatasi, nikaishia kumkimbilia yule mama mteja na kumwomba, kwa heshima zote, kwanza aende zahanati akaseme anaumwa nini. Alinitazama kama mwendawazimu akaenda zake. Sijui kama alisikia.

Rubwera, tukirudi, tulipita kwa fundi seremala. Deo alimweleza anataka kiti cha mama yake, kizito, cha mikono miwili, chenye tundu katikati ya kukalia, na ndoo iingie chini. Alieleza kwa sauti ya kawaida, na wateja wengine wakisikiliza. Fundi aliuliza urefu wa mama akachukua penseli.

Siku ya saba tulimrudisha Nyabiyonza, amekaa mwenyewe kwenye kiti cha mbele cha gari, na chupa ya dawa ya maji ya kulainisha choo kwenye pochi. Adela alimpikia uji mwepesi na papai, akamwekea jagi la maji kitandani na kumwambia asipolimaliza watagombana. Nilisikia yote hayo nikiwa kwenye kiti changu karibu na mlango. Pazia lilikuwa limerudishwa mahali pake. Nilifikiri hivyo ndivyo mambo yatakavyokuwa, kila mtu upande wake, na sikulalamika moyoni, maana alikuwa hai.

Asubuhi ya siku ya nane nilikuja kuaga. Begi mkononi, nikasimama mbele ya pazia nikasema mama nakwenda, ubaki salama. Adela alikuwa ameshanifungia mkungu mdogo wa ndizi na kahawa ya kutafuna ya kumpelekea Jovitha. Nilisubiri ile sauti ya ndani. Badala yake pazia likasogea, Bibi Paskazia akatoka, anategemea fimbo, khanga yangu mpya mabegani. Alinitazama usoni. Kisha akanyoosha mkono, na ndani ya mkono kulikuwa na ile pakiti ya pili ya vidonge, haijafunguliwa.

“Hii siitaki, mkwe wangu,” akasema. “Irudi ilikotoka.”

Adela aliziba mdomo. Nilipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikamwambia asante mama. Niliipokea pakiti ile kwa heshima ambayo sijampa askofu.

Safari ya kurudi haina mengi. Omurushaka niliwahi basi la saa tano, milima ikashuka, Kyaka nikachungulia dirishani kumtafuta yule mama, sikumwona. Kwenye basi kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka kujua kazi yangu ni nini, nikamwambia mimi ni mkulima.

Dukani sasa nauliza. Wateja wengine wamenihama kwa sababu hiyo, wanasema nina maswali ya aibu. Unaharisha au hupati choo, tangu lini, kina damu, unatapika, mtoto au mzee, na kama ni mzee, choo chake kiko umbali gani na nyumba. Anayetumwa kununulia mtu mwingine namwambia ampigie simu aliyemtuma, tuzungumze naye mwenyewe. Na anayeniambia maumivu yana mwezi, simuuzii kitu, namwelekeza hospitali. Nilichojifunza ni hicho tu, na nilikuwa nimekibandika ukutani.

Bukoba niliingia saa tisa alasiri. Jovitha alikuwa kibarazani na mtoto. Alikuwa ameongea na mama yake kwa simu, lakini macho yake yalikuwa bado hayajaamini. Nikampa mkungu, nikampa kahawa. Akaniuliza mama amekupa nini wewe, maana mkwe hatoki ukweni mikono mitupu. Nikatoa ile pakiti, nikaiweka mezani mbele yake. Aliitambua, aliniona nikiipakia mwenyewe siku ile. Akakaa chini polepole. Yeye ni binti wa nyumba ile, anajua maana ya zawadi ya mkwe kurudishwa.

“Amekukasirikia kiasi hicho?” akauliza.

“Hapana,” nikamwambia. “Amepona.”